Kuingia Kazi ya Ushauri Ukiwa Umekomaa Kazini: Kampuni ya Nairobi, Kujitegemea Amu, au Mtaalamu Mshirika?

Mtu akishapitisha miaka 15 au 20 katika kazi, awe mhandisi, mhasibu, afisa wa uvuvi, muuguzi au mwalimu aliyewahi kusimamia miradi, huanza kuambiwa na kila amjuaye kwamba sasa angefaa kuwa mshauri. Hapa Lamu, ambako mji wenyewe tunauita Amu, maneno hayo yamezidi tangu gati ya kwanza ya bandari mpya ianze kazi mwezi wa Mei 2021. Kila mradi mkubwa unaofika pwani hii huja na ripoti zake: ya mazingira, ya jamii, ya ardhi, ya uvuvi, ya urithi wa mji wa kale. Kuna mtu anayeziandika ripoti hizo, na kwa muda mrefu mtu huyo ametoka kwingine.

Nimewahi kukaa katika kamati za kupima maombi ya wataalamu, na kwa miaka sasa mimi mwenyewe ni mmoja wa waombaji. Wanaonijia kuuliza wachague njia ipi (kuajiriwa na kampuni kubwa, kujitegemea, au kuwa mtaalamu mshirika anayeingizwa na kampuni kwenye timu ya mradi mmoja) hujipima kwanza kwa ujuzi: je, najua vya kutosha? Aliyefanya kazi miaka 15 kwa bidii anajua vya kutosha. Mambo mawili ndiyo yanayotenganisha njia hizi: jina la nani linapita mbele ya kamati, na pesa zinafika lini nyumbani. Kwa mtazamo wangu hayo mawili yatakuonyesha pa kwenda kuliko wingi wa vyeti vyako.

| | Kampuni kubwa ya Nairobi | Kujitegemea | Mtaalamu mshirika |
|---|---|---|---|
| Anayetafuta kazi | Kampuni. Nawe pia ukipanda cheo | Wewe | Kampuni iliyokuita |
| Kinachopimwa kwenye zabuni | Historia ya kampuni na wasifu wa timu | Historia yako au ya kampuni yako changa | Historia ya kampuni na wasifu wako |
| Malipo | Mwisho wa mwezi | Ripoti ikikubaliwa, na mteja akiwa tayari | Mara nyingi kampuni ikilipwa kwanza |
| Kodi | Hukatwa kwenye mshahara | 5% hukatwa na mteja, iliyobaki unailipa mwenyewe | Kama anayejitegemea |
| Unapoishi | Nairobi na safarini | Kwako | Kwako |

Kampuni kubwa

Deloitte, PwC, KPMG, EY, McKinsey na BCG zote zina ofisi Nairobi, na kando yake zipo kampuni nyingi za Kenya zenye watu 10 au 40 zinazofanya kazi nzuri bila kelele. Mshahara ni faida moja. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mafunzo. Huko utajifunza haraka kugawa tatizo kubwa vipande vinavyochunguzika, kuandika kurasa 2 ambazo mkubwa atazisoma hadi mwisho, na kumwambia mteja jambo asilolipenda huku akiendelea kukuamini. Ni mambo ambayo mtu aliyekaa serikalini au kwenye shirika moja maisha yake yote huwa hajayafanya sana.

Mlango wake una namna yake. Kwenye mahojiano utapewa tatizo la mteja ulitatue papo hapo. Mhojaji anaweza kukwambia: hoteli ya vyumba 30 kule Shela imepoteza theluthi ya mapato yake kwa miaka miwili, mwenyewe anataka kujua afanye nini. Hapo hawapimi unajua kiasi gani kuhusu utalii. Wanatazama unaanzia wapi. Anayeanza moja kwa moja kusimulia habari za usalama na nauli za ndege huwa amekwisha kosa. Anayeuliza kwanza kama kilichopungua ni idadi ya vyumba vinavyojaa au bei ya chumba, kisha kama upungufu ni wa mwaka mzima au wa miezi ya kusi pekee, kisha wageni wanafika kupitia kwa mawakala au wanajitafutia chumba wenyewe mtandaoni, huyo huruhusiwa kuendelea. Kwa sisi wenye umri jambo hili ni gumu kuliko kwa vijana, maana tukisikia tatizo hukimbilia jibu ambalo tumeshaliona likifanya kazi mahali fulani. Yataka mazoezi ya wiki kadhaa, kwa sauti, na mtu wa kukukatiza.

Ukiingia, jiandae kuwekwa ngazi ya chini ya uliyoizoea, na kiongozi wa timu yako huenda akawa na miaka 32. Wengine hilo haliwaumi. Wengine linawaumiza kila asubuhi, na ni bora mtu ajijue mapema. Kadiri unavyopanda, utatakiwa ulete wateja, na kushindwa kuleta wateja ndiko huwatoa watu wengi katika ngazi za juu, hata wakiwa mabingwa wa kazi yenyewe.

Kisha kuna nyumba. Kwa mtu wa Amu, Nairobi ni ndege ya kutoka uwanja wa Manda, au boti hadi Mokowe alfajiri na kutwa nzima barabarani hadi Mombasa kabla hujaanza safari nyingine. Kurudi kila wikendi hakuwezekani kwa wengi. Mwenye wazazi wazee mtaani Mkomani na watoto shuleni hapa aihesabu gharama hiyo tangu mwanzo, pamoja na mwenzake wa nyumbani, kabla ya kutuma wasifu. Kwa aliye chini ya miaka 40, au ambaye fani yake ni fedha, kodi au mifumo ya kompyuta, fani ambazo wateja wake wamejaa Nairobi, njia hii naiunga mkono. Kwa aliyepita 45 na mizizi yake iko huku, ninasita sana kumshauri aende.

Kujitegemea

Hapa ndipo wengi hukimbilia. Wanasajili kampuni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wanachapisha kadi, wanasubiri zabuni. Kabla ya hatua hiyo, ni vizuri kujua jinsi zabuni ya ushauri inavyopimwa chini ya sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 na katika mashirika mengi yanayoiga utaratibu huo.

Hatua ya kwanza ni nyaraka za lazima: cheti cha usajili, cheti cha kulipa kodi, leseni ya biashara ya kaunti, na mara nyingi sana hesabu zilizokaguliwa za miaka 2 au 3 iliyopita. Kampuni iliyosajiliwa mwezi uliopita haina hesabu za miaka 3. Inaanguka hapo hapo, na hakuna mjumbe wa kamati anayefika ukurasa wa wasifu wako. Ukipita, unapimwa kitaalamu: uzoefu wa kampuni katika kazi za aina hiyo, mbinu utakazotumia, na sifa za wataalamu waliotajwa. Kwa kawaida alama za kitaalamu huwa na uzito wa 70 au 80 kati ya 100, na bei huchukua uzito uliobaki. Asiyefikia kiwango cha chini cha kitaalamu, bahasha yake ya bei haifunguliwi. Ndiyo maana punguzo kubwa la bei halimwokoi mgeni wa soko. Nimeona maombi ya watu ninaowaheshimu kwa elimu yao yakitolewa kwa kukosa karatasi moja, na kamati ikiwa haina mamlaka ya kuwasaidia.

Kuna mlango mmoja ambao watu wa huku hawautumii vya kutosha, nao ni mkataba wa mshauri binafsi. Miradi inayogharamiwa na Benki ya Dunia, kwa mfano, ina utaratibu wa kumchagua mtu mmoja kwa kulinganisha wasifu wa waombaji. Hapo miaka yako inahesabika kwa jina lako, na kampuni changa si kikwazo. Mashirika ya Umoja wa Mataifa nayo hutoa mikataba ya namna hiyo. Anayejitegemea aanzie hapa, na kwa wateja wa binafsi wasiohitaji zabuni: hoteli, vyama vya ushirika, shule, viwanda vidogo.

Sasa bei, ambako watu huumia kimyakimya. Tuseme mshahara wako ni Sh180,000 kwa mwezi. Mtu huugawa kwa siku 22 za kazi, anapata kama Sh8,200, kisha anaongeza kidogo na kusema siku yangu ni Sh10,000. Tazama mwaka mzima. Siku za kazi ni 260. Toa siku 21 za likizo, sikukuu zaidi ya 10, maradhi na misiba. Zilizobaki, karibu nusu zitakwenda kutafuta kazi, kuandika maombi ambayo mengi hayatafaulu, kufuatilia malipo na kuweka hesabu. Siku 120 za kulipwa ni makadirio ya haki kwa mtu ambaye jina lake limeanza kujulikana. Mshahara wako wa mwaka ni Sh2,160,000. Weka Sh240,000 za bima na akiba ya uzeeni ambayo mwajiri alikuwa akichangia, na Sh300,000 za kompyuta, intaneti, mhasibu na safari za kutafuta kazi. Jumla Sh2,700,000. Gawa kwa 120: Sh22,500 kwa siku. Hapo umebaki pale pale ulipokuwa, hujapiga hatua. Anayetoza Sh10,000 amejipunguzia kipato zaidi ya nusu, na atagundua mwaka ukiwa umekwisha.

Malipo yenyewe huja kwa vipande. Mkataba wa Sh600,000 unaweza kuandikwa hivi: 20% ripoti ya awali ikikubaliwa, 40% rasimu, 40% ripoti ya mwisho. Hesabu yake ni Sh120,000, kisha Sh240,000, kisha Sh240,000, na kila kipande kinakatwa 5% ya kodi ya zuio. Kazi ya nyanjani, ambayo ndiyo inayokula pesa, hufanyika kati ya kipande cha kwanza na cha pili. Kukodi boti hadi Kizingitini na Kiunga, kuwalipa wakusanyaji wa data, kuwalaza na kuwalisha, yote hayo yatoke katika Sh114,000 uliyopokea, kama umeshaipokea. Neno la kutazama kwenye mkataba ni «ikikubaliwa». Nani anakubali, kwa siku ngapi, na akikaa kimya inakuwaje? Omba iandikwe kwamba ripoti isipopata maoni ndani ya siku 14 au 21 huhesabiwa imekubaliwa. Wateja wengi hawakatai wakiombwa mapema. Na gharama za usafiri ziombwe kando na ada, zilipwe kabla ya safari.

Serikali za kaunti nchini kote zina madeni ya malipo yasiyolipwa ambayo Msimamizi wa Bajeti huyachapisha ripoti baada ya ripoti. Najua mhandisi mmoja, mtu hodari, aliyelazimika kuuza pikipiki yake akisubiri malipo ya ripoti iliyokwisha kupokelewa na kutumiwa. Asiye na akiba ya kula miezi 6 bila hundi yoyote asianze kwa mteja wa aina hiyo peke yake.

Kuhusu kodi nitasema machache. Ile 5% inayokatwa na mteja hupelekwa mamlaka ya mapato, KRA, kwa namba yako ya PIN na ni sehemu tu ya kodi ya mwaka, usidhani umemaliza. Ada za kitaalamu haziingii kwenye kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo. Utajaza marejesho kabla ya tarehe 30 Juni, na kodi yako ikizidi Sh40,000 kwa mwaka utatakiwa kuilipa kwa awamu, mwezi wa Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Mapato yakifika Sh5,000,000 kwa mwaka unaingia kwenye VAT. Ankara iwe ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, la sivyo mteja hawezi kuyahesabu malipo yako kama gharama na atakukwepa. Bima ya afya ya SHA, ambayo ilikuwa ikikatwa bila wewe kuona, itakuja kwa mwaka mzima.

Jambo moja la hatari. Waajiri wengine humwambia mfanyakazi wa miaka mingi aandike barua ya kujiuzulu kisha arudi kama mshauri, kiti kile kile, saa zile zile, mkubwa yule yule. Faida yote ni ya mwajiri: hakuna likizo, hakuna NSSF, hakuna kiinua mgongo. KRA na mahakama za kazi hutazama uhusiano wenyewe ulivyo, bila kujali mkataba umeitwaje. Ukipewa pendekezo hilo, jiulize mteja wako wa pili ni nani. Kama hayuko, hiyo bado ni ajira, na umenyang'anywa haki zake.

Mtaalamu mshirika

Hii ndiyo njia ninayoipigia debe kwa watu wa Amu, Pate na bara ya Lamu, na nitaeleza kwa kirefu kwa kuwa haisemwi sana.

Kampuni ya Nairobi au Mombasa inaomba zabuni ya kazi inayohusu Lamu. Inazo hesabu za miaka 3, inayo historia, inazo alama. Haina mtu anayeijua Lamu. Siku hizi wanachofanya ni kushinda kwanza, kisha kumpigia simu mtu wa hapa awe msaidizi wa utafiti kwa posho ya siku. Mtu huyo ndiye anayejua viongozi wa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, ndiye anayeingia misikitini na kwenye mabaraza, ndiye anayetafsiri, na ndiye atakayeulizwa na wazee baadaye ahadi zilipokwendea. Jina lake haliko kwenye ripoti. Mradi ujao hawezi kuonyesha alifanya nini.

Mtaalamu mshirika huingia mapema, kabla ya zabuni kupelekwa. Wasifu wako unawekwa kwenye timu kama mtaalamu anayehesabiwa alama, na siku zako zinaandikwa kwenye bajeti kwa bei yako. Kampuni inapata alama zako, nawe unapata historia yao. Kazi ikiisha, omba barua yenye kichwa cha kampuni ikitaja mradi, mteja, tarehe na jukumu lako. Barua 3 za namna hiyo zina thamani kwenye kamati kuliko shahada ya pili, na ndizo zitakazokufungulia ile mikataba ya mshauri binafsi.

Wanalipia nini hasa? Nitoe mfano wa uvuvi, kwa kuwa nimeona dodoso nyingi zikianguka hapo. Mtafiti mgeni humwuliza mvuvi wa Kizingitini: unapata shilingi ngapi kwa mwezi? Mvuvi anataja namba ili aondokewe. Yeye hahesabu kwa mwezi. Anahesabu kwa bamvua na maji mafu, yaani siku za maji makubwa na za maji madogo, na mapato ya kaskazi hayafanani kabisa na ya kusi, bahari ikichafuka. Mpiga mbizi wa kamba mawe huenda ana tajiri aliyemkopesha vifaa au pesa ya mafuta, na samaki wake wote humpelekea huyo kwa bei wanayojua wawili. Ukiuliza kwa mwezi, mwezi wa Julai, utapata mvuvi maskini. Ukiuliza Januari utapata tajiri. Na zote mbili si kweli. Mtu aliyekaa miaka 15 katika idara ya uvuvi anayajua haya bila kufikiri. Ayaandike kwenye sehemu ya mbinu, kurasa 2, na kamati itaona mara moja ni zabuni ipi imeandikwa na mtu anayejua anachokiendea.

Uzito wa jambo hili tumeshauona. Mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kwa athari za ujenzi wa bandari. Mwaka 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira (NET), linalosikiliza rufaa za mazingira, lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu, na upungufu katika kuwashirikisha wananchi ulikuwa miongoni mwa sababu. Ripoti dhaifu hugharimu watu riziki na hugharimu mradi wenyewe. Ninaamini kwa dhati kwamba wataalamu waliozaliwa na kufanya kazi hapa wakiwa ndani ya timu kwa majina yao, na kwa mamlaka ya kusema hapana, mambo mengi yangejulikana kabla ya kufika mahakamani.

Udhaifu wa njia hii upo. Kampuni nyingi hukulipa baada ya wao kulipwa, kwa hiyo mwendo wa pesa haukuachi salama. Wengine hutumia wasifu wako kushinda kisha wanakubadilisha na mtu wa bei ya chini. Kinga yake ni barua fupi kabla ya kutoa sahihi yako kwenye wasifu: idadi ya siku, ada, muda wa malipo, na kwamba jina halibadilishwi bila kukuuliza. Tena usitoe wasifu kwa kampuni mbili zinazoomba zabuni moja. Kamati zikiona jina moja mahali pawili huwaondoa wote, na habari hiyo husafiri haraka pwani hii.

Sahihi yako ina nguvu gani?

Fani nyingine zina bodi. Ripoti ya athari za mazingira hutiwa sahihi na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, mamlaka ya mazingira. Mwenye shahada na uzoefu wa miaka 20 asiyesajiliwa hubaki nyuma ya sahihi ya mwingine. Mhandisi ana daraja la mhandisi mshauri kwa bodi ya wahandisi, EBK. Mhasibu anayetaka kukagua hesabu ahitaji cheti cha ICPAK, taasisi ya wahasibu. Kwa hawa usajili ni kazi ya kufanya ukiwa bado kwenye ajira, kwa kuwa huchukua muda na mara nyingine waajiri hulipia. Anayefanya tathmini ya miradi, mafunzo au mipango ya uvuvi hana mlango huo wa kupita, lakini akihoji watu kwa ajili ya utafiti atahitaji kibali cha NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi.

Amu au Malindi?

Malindi ni soko jingine. Barabara ya Mombasa inakuruhusu kwenda kwenye kikao na kurudi jioni. Wateja ni hoteli, nyumba za wageni za Casuarina hadi Watamu, viwanda vya chumvi vya Gongoni na Marereni, mawakili wanaohitaji mashahidi wa kitaalamu kwenye mahakama za pale. Kazi ni ndogo ndogo, hulipwa upesi, na wanaojitegemea wanaishi. Amu kazi ni chache na kubwa, zinatoka kwa serikali, wafadhili na miradi, na huja kwa vipindi. Pia Amu ina mambo ambayo Malindi haina: mji wa kale ulioingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ambapo ukarabati wa nyumba za mawe unahitaji watu wanaojua chokaa na boriti, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mikoko hiyo itazidi kuleta kazi, kwa kuwa sheria ya tabianchi ilivyorekebishwa mwaka 2023 inadai miradi ya kaboni ya ardhini, ile inayouza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti na udongo, iwe na mkataba wa maendeleo na jamii, na jamii ipate angalau 40% ya mapato. Mikataba hiyo inataka watu wa kuijadili wakiwa upande wa jamii. Ningependa sana wawe watu wa hapa.

Kwa hiyo mtu wa Malindi anaweza kuanza kwa kujitegemea. Mtu wa Amu, ningemwanzisha kama mshirika.

Lini uondoke kazini

Mtumishi wa umma asianze ushauri wa pembeni kwa siri katika eneo lile lile analolisimamia. Huo ni mgongano wa maslahi kisheria, na jina likichafuka mara moja kamati zote zinajua. Mwenye haki ya pensheni anaweza kustaafu mapema akifika miaka 50. Kama una 47 au 48, miaka hiyo 2 itumie kusajiliwa kwenye bodi, kuweka akiba na kuandika ile orodha ya kazi ulizofanya zikiwa na tarehe na mashahidi, badala ya kuondoka sasa ukapoteza pensheni.

Aliye kwenye mashirika yasiyo ya kiserikali hana nafasi ya kungoja hivyo. USAID, shirika la misaada la Marekani, ilisimamishwa mapema 2025 na kufungwa rasmi Julai mwaka huo, na wengi wa pwani walijikuta washauri bila kupenda, wote wakigombea mikataba michache iliyobaki. Kama fani yako ilikuwa afya au utawala bora kwa pesa za Marekani, usipange mwaka wako juu ya wafadhili. Tazama hoteli, ushirika, bandari, shule na kaunti.

Na kwa kaunti kuna kalenda. Mwaka wa fedha huisha 30 Juni, na kazi nyingi hutangazwa miezi michache baada ya Julai, bajeti ikishapita. Mipango ya maendeleo ya kaunti ya sasa ni ya 2023 hadi 2027, kwa hiyo ile ya 2028 hadi 2032 itatayarishwa kuzunguka uchaguzi wa Agosti 2027, pamoja na mipango ya sekta, ya matumizi ya ardhi na ya bahari. Kampuni za Nairobi zitaanza kutafuta majina ya watu wa pwani kabla ya hapo. Anayetaka jina lake liwe miongoni mwao aandike sasa barua 5 kwa kampuni 5 zilizowahi kufanya kazi huku, kila moja ukurasa mmoja, aeleze tatizo moja la Lamu analolijua kuliko mtu yeyote kwenye timu yao, na aambatishe wasifu wa kurasa 3. Ripoti zao za zamani zikipatikana, azisome kwanza, aonyeshe kwa heshima palipokosekana mtu wa kuuliza swali sahihi.